Mpaka Jina la Mwisho

Kama kuna kazi moja ambayo Delfa Villavert aliijua kuliko watu wote wa kijiji cha Igbarawan, ni kurudisha watoto shule. Alikuwa amekaa Hong Kong miaka sita akilea watoto wawili wa watu, na kila mwaka likizo ndefu ilipofika ukingoni, yeye ndiye aliyewageuza kutoka wanyama wa porini kuwa wanafunzi. Wiki mbili kabla ya kufungua, wanalala nusu saa mapema. Wiki moja kabla, wanaamshwa saa kumi na mbili kasorobo hata kama hawana pa kwenda. Madaftari yanavikwa nailoni, penseli zinachongwa, kila kitu kinaandikwa jina, hata soksi. Siku ya kufungua watoto wale walitoka mlangoni wamenyooka kama askari wa gwaride, na mama yao alimwambia Delfa kwamba hajui angefanya nini bila yeye.

Sasa alikuwa nyumbani kwake mkoani Antique, kwa likizo ya mwezi mmoja baada ya mkataba wa miaka miwili, na alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kurudisha shule. Jelay alikuwa na miaka minane, anaingia darasa la tatu, na alikuwa hashikiki.

"Amka, mwanangu. Saa kumi na mbili hii."

"Hata ndege hawajaamka."

"Wameamka, hao wanalia."

"Wanaota," alisema Jelay, akajifunika shuka gubigubi.

Kila dawa ya Hong Kong iligonga mwamba. Madaftari yalivikwa nailoni usiku, asubuhi yakakutwa uchi. Sare mpya ilipojaribiwa, Jelay alisema inambana kila mahali, mpaka kwenye nywele. Na kutwa nzima hakumwacha mama yake apumue. Delfa akienda bombani, Jelay yuko nyuma amekamata pindo la kaptula yake. Delfa akiingia chooni, Jelay anakaa nje ya mlango anamsimulia habari za bata.

"Huyu si mtoto tena, ni kupe," alisema Bibi Pasing, mama yake Delfa. Bibi Pasing ndiye aliyemlea Jelay tangu ana miaka miwili, kwa kuwa baba mtu alishajipatia nyumba nyingine huko Manila na hakuwa na haja ya kukumbushwa ile ya kwanza.

Lakini shida haikuwa usingizi wala sare, na Delfa alijua, ila alikuwa hataki kujua. Siku aliyofika, hata kamba za boksi la zawadi hazijakatwa, Jelay alimwuliza, "Utakaa mpaka lini?" Delfa alikuwa amechoka na safari, amelewa furaha, na Juni ilionekana iko mbali sana. Akajibu, "Mpaka shule ifunguliwe." Jibu hilo halikuwa uongo mtupu. Tiketi yake ilikuwa ya Jumatatu, siku ileile ya kufungua. Alichoficha ni kwamba jibu hilo lilikuwa na saa, na saa yenyewe ilikuwa tatu asubuhi.

Mpango alikuwa nao Bibi Pasing, na haukuwa mpya. "Tunafanya kama mwaka ule," alisema huku akichambua mchele. "Unampeleka asubuhi, unambusu, unatoka. Tiboy anakuchukua na bajaji yake. Mtoto akirudi mchana, wewe uko angani. Hakukuona ukiondoka, hana cha kulilia."

Ndivyo wanavyoondoka akina mama wa Igbarawan, na wanaoondoka ni wengi. Mtoto akiwa amelala, au yuko shule, au ametumwa dukani kuleta siki. Wanaamini kilio wasichokisikia hakikuwapo. Delfa naye aliamini hivyo, maana ilikuwa rahisi kuamini ukiwa na begi mkononi.

Wiki ya mwisho ya likizo ni wiki ya wazazi kusafisha shule. Hakuna anayelipwa na hakuna anayekwepa, kwa sababu ukikwepa utasemwa mpaka Krismasi. Watu walikuja na mapanga ya kufyekea nyasi, fagio za chelewa, makopo ya rangi, na nusu za nazi kavu zenye makumbi yake za kusugulia sakafu. Darasa la tatu lilipakwa nta nyekundu, na kila mzazi akaweka mguu mmoja juu ya kumbi la nazi akawa anateleza mbele na nyuma, viuno vikizunguka, mpaka sakafu ikatoa sura ya mtu.

"Delfa, huko Hong Kong umesahau kukata kiuno?" Tiboy alimpigia kelele. Tiboy alikuwa dereva wa bajaji, baba wa watoto wanne, mwenyekiti wa wazazi, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Huko tuna mashine."

"Mashine ina kiuno?"

Mwalimu Salve, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, aliona kazi inageuka ngoma. Akapiga makofi. "Jamani, mikono! Nawaambia mapema, darasa lisipong'aa, shule haifunguliwi!" Watu wakacheka, kwa kuwa alisema hivyo kila mwaka. Jelay hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya mama yake, kidole chake kimenasa kwenye pindo la kaptula, akimtazama mwalimu kwa makini ambayo hajawahi kuyatoa darasani.

Jumanne asubuhi darasa lilikutwa limechafuliwa. Tope lilikuwa limetapakaa kutoka dirishani mpaka ubaoni, na madawati mawili yalikuwa kifudifudi.

"Mbuzi wa kwa Oping huyu," alisema Tiboy.

"Mbuzi gani anapindua madawati?" Mwalimu Salve aliuliza.

"Mbuzi aliyesoma, mwalimu. Lazima alipitia mikononi mwako."

Wakasafisha upya. Jumatano tope lilirudi, safari hii na manyoya ya bata ndani yake. Mzazi mmoja akakumbusha kwa sauti ya chini kwamba ule mti wa zamani nyuma ya jiko la shule ulikatwa mwezi wa nne bila kuwaomba ruhusa wasioonekana wanaokaa humo. Kicheko kikapungua. Siku iliyofuata Tiboy alikuja na mfuko wa chumvi, akainyunyiza kizingitini huku akitazama pembeni.

"Si kwamba naamini," alisema. "Ila chumvi haimdhuru mtu."

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yamenyooka ghafla. Tangu Jumanne Jelay aliamka mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, akavaa, akachukua ndoo akaenda kulisha bata, bila kusukumwa na mtu. Delfa alijaa fahari.

"Unaona, mama? Ni mazoea tu. Watoto wote ni sawa, ukiwawekea utaratibu wanafuata."

"Mm," alisema Bibi Pasing. "Bata wale hawajawahi kupendwa hivyo."

Alhamisi hiyo, chumvi ya Tiboy ikiwa imekanyagwa na kuchanganyika na tope, Delfa alipiga magoti kusugua chini ya meza ya mwalimu, mahali ambapo miguu ya watu wazima haikufika. Palikuwa na alama moja ya ndala, iliyo wazi kabisa. Ilikuwa ndogo, na soli yake ilikuwa na nyuso za paka, safu tatu, pamoja na masharubu yake. Nyuma ya kisigino tope lilikuwa limeburutwa, kama mtu aliyevaa ndala isiyo saizi yake.

Delfa aliijua soli ile. Aliichagua mwenyewe kwenye soko la barabarani Hong Kong, siku yake ya mapumziko. Alikuwa hajui mguu wa mwanawe una ukubwa gani. Alisimama pale na ndala mkononi akajaribu kukumbuka, ikambidi akisie, na kwa kuogopa zisije zikawa ndogo akanunua kubwa mno. Igbarawan nzima hapakuwa na jozi nyingine ya ndala zile.

"Umeona nini huko chini?" Tiboy aliuliza.

Delfa alifuta alama kwa kiganja. "Mbuzi," alisema.

Ijumaa alfajiri alimwacha Jelay atoke na ndoo, akahesabu mpaka mia, akamfuata. Bata walikuwa wanapiga kelele bandani, njaa imewashika. Mvua ya Juni ilikuwa imenyesha na uwanja wa shule ulikuwa rojorojo. Dirisha la darasa la tatu, lenye kitasa kibovu tangu enzi za Delfa mwenyewe, lilikuwa wazi. Alichungulia. Mtoto wake alikuwa katikati ya sakafu nyekundu inayong'aa, anamimina tope kutoka kwenye ndoo, polepole, kwa uangalifu, kisha analikanyaga kila upande. Hakuwa anacheza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini.

"Jelay."

Mtoto aliruka, ndoo ikaanguka. Delfa alipanda dirishani kama mwizi, akaingia.

"Kwa nini, mwanangu? Watu wanatoka jasho humu wiki nzima."

"Bado chafu," alisema Jelay. "Mwalimu Salve alisema lisipong'aa, haifunguliwi."

"Na isipofunguliwa?"

Jelay alimtazama kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito. "Si ulisema unakaa mpaka ifunguliwe?"

Delfa alikaa kwenye dawati dogo, magoti yakamgusa kidevu.

"Siku ile nilipata nyota," Jelay alisema.

"Siku gani?"

"Ile. Mwalimu alinigonga mhuri wa nyota hapa." Alinyoosha mkono, akaonyesha mahali chini ya vidole ambapo sasa palikuwa na tope tu. "Nikakimbia nije nikuonyeshe. Bibi akasema umeenda sokoni. Nikakaa kwenye ngazi nakungoja. Sikunawa mkono ili isifutike. Kesho yake nikakaa tena. Ikawa inafutika yenyewe tu." Akavuta kamasi. "Mimi nikiwa darasani ndiyo watu wanaondoka."

Delfa aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mtu mzima yeyote. Miaka miwili alikuwa amejipongeza kwa siku ile. Aliwasimulia wenzake Hong Kong, wakiwa wamekaa kwenye maboksi yaliyotandikwa bustanini siku ya Jumapili: nimeondoka vizuri, mtoto hakulia. Nao wakaitikia, wengi wao wakiwa wameondoka vivyo hivyo.

"Nisikilize," alisema. "Nitaondoka Jumatatu. Saa tatu asubuhi. Hata darasa likiwa chafu. Hata shule isipofunguliwa mwaka mzima, nitaondoka. Tope hili halinizuii, na kosa si lako. Mimi ndiye sikukwambia ukweli, sasa na mwaka ule."

Jelay alipiga ndoo teke ikagonga ubao. Akalia. Alilia kwa mdomo wazi, akisema hamtaki, akisema arudi Hong Kong leoleo akalee watoto wake wa huko. Ulimi wa Delfa ulijaa ahadi, mwanasesere, baiskeli, simu, akazimeza zote. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye alikuwa amelia mwenyewe miaka sita, kwenye kitanda chembamba kando ya mashine ya kufulia, ili mtoto asilie asubuhi moja. Alikaa akakisikiliza kilio chote. Kilikuwa kirefu. Jua lilichomoza kikiwa bado kinaendelea.

Kilipokwisha, Jelay akaja mwenyewe akaegemea goti la mama yake, na tope lake lote.

"Usiondoke mimi nikiwa sijui," alisema.

"Utajuaje, na wewe uko darasani?"

Jelay alifikiri. "Tunaitwa majina. Wavulana kwanza, halafu wasichana. Mimi ni wa mwisho kabisa kwa sababu ya hili Villavert lenu." Jambo hilo alikuwa amelilalamikia tangu darasa la kwanza. "Kaa getini mpaka niitwe. Nikisema nipo, ndiyo uende."

"Na mwalimu akichelewa?"

"Utangoja. Mimi nilingoja."

Wakaweka miguu juu ya makumbi ya nazi, kila mmoja la kwake, wakasugua. Wazazi walipofika saa moja, sakafu ilikuwa inang'aa na mtu na mwanawe walikuwa wamelowa. Tiboy alitazama sakafu, akatazama kizingiti.

"Chumvi," alisema kwa ushindi. Hakuna aliyembishia.

Bibi Pasing ndiye aliyebisha, kwa jambo jingine. Alipoambiwa habari ya kungoja getini, aliutua ungo chini. "Atalia shule nzima isikie. Utamwaibisha mtoto mbele ya wenzake."

"Alie, mama. Mbona mwaka ule hakulia?"

"Nani kakwambia hakulia?" Sauti ya mzee ilipanda. "Nilikwambia hakulia kwa sababu ulikuwa mbali, nikwambie nini kingine? Wewe ulipanda ndege, Delfa. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye ngazi ile. Siku tisa. Nikimwambia sokoni, sokoni, mpaka mtoto wa miaka sita akaniuliza soko gani halifungwi." Akashika ungo tena, lakini mikono haikuchambua kitu. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Hata mimi mama yangu aliniaga nikiwa usingizini."

Delfa alimkumbatia. Hawakuwa watu wa kukumbatiana, na mchele ulimwagika.

Jumamosi na Jumapili zilipita kwa kasi ya kutisha. Jelay alikuwa mkali, akanuna, akacheka, akanuna tena. Madaftari aliyavika nailoni mwenyewe, vibaya, na hakuruhusu yaguswe. Mara tatu aliuliza, "Saa tatu ngapi?" na mara tatu akajibiwa, "Saa tatu kamili."

Jumatatu walipandisha bendera, wakaimba, mwalimu mkuu akahutubia kama anayegombea cheo. Delfa alisimama getini na suruali yake ya safari, begi likiwa limefungwa kwenye bajaji. Jelay alikuja mbio, viatu vyeusi vikimeta, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu mara moja, kisha akajitoa.

"Usiende kabla," alisema.

"Siendi."

"Hata ukipigiwa honi."

Akaingia. Delfa aliona kichwa chake kikipita dirishani, kikatoweka. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Mwalimu Salve aliwasalimu watoto, akawapanga upya, wawili wakagombania dawati, mmoja akaanza kulia kwa sababu zake. Ikafika saa tatu. Orodha ilikuwa haijaanza.

Tiboy alipiga honi. "Delfa! Gari la uwanja wa ndege wa Iloilo halimngoji mtu!"

Delfa aliinua kidole: kidogo tu.

"Abanilla!" Sauti ya Mwalimu Salve ilitoka darasani. "Nipo!" Wavulana walikuwa ishirini na mmoja. Delfa hakuwahi kujua kijiji kidogo hivi kina wavulana wengi hivi. Kila mmoja aliulizwa amekua sentimita ngapi, na mmoja akasimulia kuhusu mdogo wake aliyezaliwa likizo. Saa tatu na robo. Tiboy alishuka, akaja mpaka getini.

"Ukikosa ndege, na kazi umekosa. Unajua hivyo?" Safari hii hakuwa na utani. "Twende, dada yangu. Yuko ndani, hakuoni. Hatajua."

Hilo ndilo lililomuuma, maana lilikuwa kweli. Angeweza kuondoka sasa hivi, na Jelay angeitika, na asingejua kamwe kwamba aliitikia geti tupu. Miguu yake ilikuwa imekwisha kugeuka nusu. Maneno yalikuwa yaleyale: hakuoni, hatajua. Alikuwa ameyaishi miaka sita.

"Ngoja," alisema, akashika chuma cha geti kwa mikono miwili.

Wasichana wakaanza. Barrios. Dalisay. Escote, ambaye hakuwepo, na likaulizwa swali, na likajibiwa na watu watano. Tiboy alikuwa anapiga hesabu ya njia za mkato kwa sauti. Magsipoc. Ordas. Tandoc.

"Villavert, Jelay Ann!"

Delfa alisimama kwa vidole vya miguu.

"NIPO!" Ilikuwa sauti kubwa kuliko darasa lenyewe, ya kufika mbali zaidi ya pale mwalimu alipokuwa. Kisha kichwa kikachomoza kwenye lile dirisha la kitasa kibovu, macho yakatafuta getini, yakaona. "Upo!" Jelay alisema, kama mtu aliyekuwa hana hakika. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujali nani anaona. "Haya, nenda sasa, Mama. Umechelewa!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu Salve hakuwanyamazisha. Kichwa kikarudi ndani, na dirisha likafungwa kutoka ndani, kwa mikono midogo, mara ya kwanza halikushika, mara ya pili likashika.

Delfa alipanda bajaji. Tiboy aliwasha injini, akamtazama kwenye kioo, akaondoa macho.

"Mtoto kalia?" aliuliza.

"Kalia," alisema Delfa, na hakuficha uso wake.